Karakana ya Nyumbani: Anza na Meza, Mashine Itafuata

Mteja wetu mmoja wa Juja ana kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, futi 10 kwa 12. Ndani kuna meza nzito ya mbao, randa mbili, misumeno mitatu ukutani, drili moja na harufu ya saipresi iliyokatwa asubuhi. Majirani wanamwita Fundi. Miaka miwili iliyopita walikuwa wanamwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa anafundisha shule ya kibinafsi kabla wafanyakazi hawajapunguzwa. Wazee wa mtaa bado wanamwita Mwalimu, na sisi pia tutamwita hivyo, maana alituomba tusitaje jina lake.

Tulienda kuona karakana. Yeye akaanza kwa kutuonyesha simu. Katika taarifa ya akaunti yake kuna mistari miwili ambayo hajaisahau: shilingi 18,000, halafu siku mbili baadaye, shilingi 6,500. Zote zilienda kwa mtu aliyedai kuuza mashine ya mbao. Mashine haikufika.

"Hiyo ya kwanza ilikuwa karo ya mtoto," alituambia. "Ya pili nilimwomba mama watoto, na sikumwambia ni ya nini."

Kila wiki tunapokea maswali kutoka kwa wateja wanaotaka kuanza kazi ya useremala nyumbani: wengine baada ya kupoteza kazi, wengine wakitafuta cha kuongezea mshahara. Karibu wote wanaanza na swali la mashine. Mwalimu alianza hapo pia. Makala haya yanaeleza njia aliyoifuata baada ya hasara: meza kwanza, vifaa vya mkono, kazi ndogo ndogo, halafu mashine inayonunuliwa kwa pesa ambayo mbao zenyewe zimeleta.

Pesa ya mashine ilivyopotea

Tangazo lilikuwa kwenye mtandao wa kijamii. Picha safi, mashine ya kupasua na kupiga randa, bei karibu nusu ya ile aliyoulizia madukani. Muuzaji alisema mzigo uko Mombasa, wanaoitaka ni wengi, na anayetaka ashikiliwe atume dipoziti leo leo.

Alipoingiza namba, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la muuzaji. Mwalimu akauliza. Akajibiwa, "Hiyo ni laini ya mhasibu wetu, usijali boss." Akaweka namba ya siri, akatuma.

Siku mbili baadaye akapigiwa simu: mzigo umefika Nairobi, lakini unahitaji 6,500 za usafiri na kibali. Akatuma tena. Kesho yake simu ya muuzaji ikawa haipatikani. Mwalimu alikaa siku tatu bila kumwambia mtu, kwa aibu. Alipopiga huduma kwa wateja kuomba muamala urudishwe, pesa ilikuwa imeshatolewa.

Hapa tunaomba tusikike vizuri. Kurudisha muamala kunawezekana pale tu pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Ukikosea namba au ukishuku umedanganywa, piga simu dakika hiyo hiyo. Usingoje mpaka aibu iishe. Wanaokuibia wanaitegemea aibu yako, ndiyo inayowapa muda wa kutoa pesa.

Miezi kadhaa baadaye, fundi wa umeme alikuja kuweka soketi kwenye kibanda. Mwalimu akamwonyesha ile picha ya mashine, bado alikuwa ameihifadhi. Fundi akaikuza, akasoma kibati kilichobandikwa kwenye mota: volti 415. Hiyo ni mashine ya umeme wa fezi tatu. Nyumba nyingi zetu zina fezi moja, volti 240. "Hata ingefika, Mwalimu," fundi alimwambia, "isingewaka hapa."

Kwa hiyo alikuwa amelipia mashine asiyoiona, kwa mtu asiyemjua, na hata kama muuzaji angekuwa mkweli, mashine yenyewe isingemfaa. Kosa hilo la mwisho lingeweza kumpata hata kwenye duka halali kabisa.

Kona, umeme na majirani

Kabla ya kununua chochote, tafuta mahali. Futi 10 kwa 12 zinatosha mtu mmoja kufanya kazi. Jambo la kuangalia ni urefu: ubao wa futi 8 unahitaji nafasi ya kupita mbele na nyuma ya msumeno. Mwalimu alitatua hilo kwa kuweka mlango na dirisha vikitazamana, ili ubao mrefu uingie mlangoni na ncha itokee dirishani.

Juu aliweka bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, hivyo mchana hatumii taa. Chini alimwaga zege nyembamba. Kama huna pesa ya zege, weka angalau vipande vya mbao chini ya mzigo wako, maana ubao unaolala juu ya udongo hunyonya unyevu na kuvutia mchwa. Dirisha liwe na vyuma na mlango kufuli nzuri. Vifaa vya mkono ni vyepesi kubeba na vyepesi kuuzwa.

Umeme una hesabu yake. Plagi zetu za miguu mitatu huwa na fyuzi isiyozidi ampia 13. Kwa volti 240, hiyo ni kama wati 3,120 kwa soketi moja, na hutaki kuufikia mpaka huo. Usichomeke mashine mbili kubwa kwenye ekstensheni moja. Kama unatumia ekstensheni ya kuzungusha, ifungue waya wote kabla ya kuwasha, kwa sababu waya uliojikunja hupata moto. Na kabla hujalipia mashine, jua itakula tokeni ngapi: mota ya wati 1,500 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa mbili hutumia yuniti 3.

Jihadhari pia na mashine za mitumba kutoka nje. Zile za manjano zinazotumika kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza ni za volti 110. Za Japani ni za volti 100. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Kenya, zinaungua. Transfoma inapatikana, ila bei yake iingize kwenye hesabu kabla ya kusema mashine ni rahisi.

Mwisho, majirani. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Uliza ofisi ya kaunti kuhusu kibali cha biashara. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaanza kuhesabu usiku saa mbili jioni. Mwalimu anazima kila kitu chenye mota saa kumi na mbili, kisha anapiga msasa kwa mkono. Jirani aliyelala vizuri ni mteja wa kesho.

Meza ndiyo mashine ya kwanza

Kazi ya kwanza ya Mwalimu haikuwa ya mteja. Alitengeneza meza yake ya kazi, na tunamshauri kila anayeanza afanye hivyo. Msumeno mzuri kwenye meza inayoyumba utakata vibaya. Msumeno wa kawaida kwenye meza iliyotulia utakata sawasawa.

Miguu aliifanya kwa mbao za inchi 4 kwa 4, na viungio vya chini kwa 2 kwa 4. Juu aliweka mbao za inchi 2 zilizopigwa randa, zikabanwa pamoja kwa gundi na skrubu ndefu zilizofichwa chini. Urefu wa meza aliupima kwa mwili wake: alisimama wima, mikono ikining'inia, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha kiganja. Meza ya kiasi hicho inakuruhusu kusukuma randa kwa uzito wa mwili bila kuinama mpaka mgongo uume.

Kisha akaifunga ukutani ili isitembee, akaongeza jiliwa moja ya chuma upande wa kushoto. Jiliwa ndiyo mkono wako wa tatu. Meza hii ilimchukua siku tatu, na alipoimaliza alikuwa ameshajifunza kupima, kukata, kupiga randa, kutoboa na kuunga, yote kwenye kitu ambacho hakuna mteja angekilalamikia.

Vifaa vya mwanzo

Orodha yake ya mwanzo ilikuwa fupi, na kila kifaa kilikuwa na kazi inayojulikana:

Kupima na kuchora: tepu, skwea, penseli ngumu.
Kukata: msumeno wa mkono mmoja wa meno ya wastani.
Kusawazisha: randa moja ya chuma, ile ya ukubwa wa namba 4 au 5.
Kuchonga: patasi tatu, za robo inchi, nusu inchi na inchi moja, pamoja na nyundo ya mbao.
Kuunga: nyundo ya kucha, bisibisi, drili, klampu nne.
Kunoa: jiwe lenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini.
Kumalizia: msasa wa namba 80, 120 na 220.

Vingi alivinunua mitumba. Kifaa cha zamani kilichotunzwa kinaweza kukishinda kipya cha bei ya chini, mradi ujue kukikagua. Skwea ijaribu hapo hapo dukani: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine mahali pale pale. Mistari ikilala pamoja, skwea ni nzuri. Ikiachana, irudishe. Randa igeuze uangalie tumbo lake, weka rula ya chuma juu na utazame mwanga: tumbo lisiwe limepinda wala kupasuka. Patasi angalia imebaki chuma kiasi gani mbele ya mpini. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa, lakini mashimo ya kutu upande bapa wa patasi hayatakupa makali mazuri.

Vyuma vidogo, kama bawaba na vishikizo, alivipata Kamukunji kwa mafundi wa chuma wa jua kali. Huko unaweza kuchora unachotaka kwenye karatasi na kuagiza kitengenezwe. Ukilipa, lipa ukiwa umesimama hapo hapo, kifaa kikiwa mkononi, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri.

Usinunue seti kubwa ya vifaa thelathini kwa sababu sanduku lake linang'aa. Ngoja kazi iseme inahitaji nini. Mwalimu alinunua msumeno wake wa pili, ule mwembamba wa kukatia viungo, siku alipopata oda ya droo. Bei yake akaiweka ndani ya bei ya ile droo.

Mbao: soma kabla ya kulipa

Mbao nyingi zinazotumika kwa kazi za kawaida hapa Kenya ni saipresi na paini, na sehemu za kati utapata mukima kwa wingi. Mahogani na mvule ni za mteja aliyekuja akijua bei. Serikali iliposimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, bei za mbao zilipanda na mafundi wengi wakajifunza kuhesabu vipande. Tabia hiyo ni nzuri hata leo.

Yadi nyingi zinauza kwa futi, na vipimo vya upana na unene viko kwa inchi. Kumbuka kuwa ubao wa inchi moja unaoununua haujapigwa randa. Ukishapigwa pande mbili, unabaki karibu robo tatu ya inchi. Kama mchoro wako unahitaji inchi moja kamili, nunua mbao nene zaidi. Msumeno nao unakula: kila mkato unaondoa kama milimita 3. Rafu nne za futi 3 hazitoki kwenye ubao wa futi 12 baada ya kukata na kusawazisha ncha. Nunua futi 14.

Kabla ya kwenda yadi, andika orodha ya vipande vyote, urefu, upana na unene. Ukifika na orodha, unajua bei kabla hujabembelezwa.

Halafu kuna unyevu. Oda ya kwanza ya Mwalimu ilikuwa kabati ndogo ya jirani. Alinunua saipresi asubuhi na kuanza kuikata mchana huo huo. Mzee wa yadi alimwonya: "Mwalimu, hii bado mbichi. Ipe muda." Akajibu, "Mzee, mteja ananingoja." Wiki tano baadaye mlango wa kabati ulikuwa umejipinda kama sahani, haufungi. Aliutengeneza upya kwa pesa yake mwenyewe.

Sasa anapanga mbao zake kwa tabaka chini ya paa, na vijiti vyembamba katikati ya kila tabaka ili hewa ipite. Kujua kama zimekauka, anachukua kipande kimoja na kukipima kwenye mizani ya duka kila wiki, akiandika uzito ukutani. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Haigharimu chochote.

Pesa ya karakana isilale na pesa ya nyumba

Alipokuwa anaanza upya, mke wake alimpa sharti moja: pesa ya karakana ikae kwenye laini nyingine, na yeye aone miamala yake. Mwalimu alikubali. Hakuwa na namna ya kukataa, lakini leo anasema sharti hilo ndilo lililojenga kibanda.

Walisajili namba ya Till kwa jina la biashara. Kila mteja analipa hapo. Kila mbao, msumari na chupa ya gundi inalipiwa kutoka hapo, kwa Till ya muuzaji pale inapowezekana, kwa sababu mnunuzi anayelipa kwa Till hatozwi ada na pia anabaki na rekodi yenye jina la duka. Ukitoa pesa taslimu kila mara, unalipa ada ya kutoa na unapoteza kumbukumbu ya ilikoenda.

Jumapili jioni mke wake anafungua taarifa ya wiki, na wanaandika kwenye daftari. Haya hapa makadirio ya rafu moja ya vitabu, tumeyaweka kama mfano tu:

Mbao: 3,200
Skrubu, gundi, msasa na vanishi: 900
Kupigisha randa yadi: 400
Usafiri: 500
Kazi ya siku mbili: 3,000
Fungu la karakana: 800
Jumla: 8,800

Angalia mstari wa sita. Fungu la karakana si faida na si mshahara. Ni pesa ya kunoa, kubadilisha na kununua vifaa. Siku ile ile mteja akimaliza kulipa, fungu hilo linahamishiwa kwenye akiba iliyofungwa kwa miezi mitatu mitatu. Likibaki kwenye laini, litakuwa unga na sukari kabla ya Ijumaa. Mshahara wa siku mbili ndio unaoingia nyumbani, na huo nyumba iutumie kwa amani.

Sasa upande wa pili wa dipoziti

Mtu aliyeibiwa kwa dipoziti alilazimika naye kuanza kuomba watu dipoziti. Fundi hawezi kununua mbao za kila mteja kutoka mfukoni. Lakini mteja naye ana hofu ile ile aliyopaswa kuwa nayo Mwalimu: nikituma, nitakuona tena?

Njia yake ni hii. Anaandika makadirio na kumtumia mteja kwa ujumbe: kipimo, aina ya mbao, bei, tarehe ya kumaliza. Dipoziti anayoomba ni gharama ya vifaa tu, si zaidi. Kwa ile rafu ya 8,800, ni 5,000. Inalipwa kwa Till yenye jina la karakana, jina lile lile lililo kwenye makadirio. Na kwa mteja mwenye wasiwasi anasema, "Mama, twende yadi pamoja, wewe mwenyewe ulipe mbao kwa Till ya yadi." Wengi wakishaambiwa hivyo, wanalipa bila hata kwenda.

Dipoziti ya mteja ni mbao za mteja. Ukiitumia kulipia kodi ya nyumba, kesho utahitaji dipoziti ya mteja wa pili ili ununue mbao za wa kwanza, na hapo ndipo fundi anaanza kuzima simu.

Lini ununue mashine

Mwaka wa kwanza Mwalimu hakuwa na mashine ya kupasua wala ya randa. Alikuwa anatumia ya yadi, akilipa kwa futi. Hii ndiyo nafasi ambayo wengi hawaioni: mashine kubwa iko tayari, imefungwa vizuri, ina mwendeshaji, na unalipia dakika unazohitaji tu.

Hesabu ya lini kununua yako si ngumu, ukiwa na daftari. Tuseme kwa mwezi unalipa yadi na mkokoteni 3,200. Mashine ya mitumba ya 45,000 ingekuondolea gharama hiyo, lakini ingekula tokeni na kunoa kama 500. Unaokoa 2,700. Mashine itajilipa baada ya karibu miezi 17. Subiri. Mwaka ukapita, kazi ikaongezeka, sasa unalipa yadi 7,500 na mashine ingetumia 1,000. Unaokoa 6,500, na mashine inajilipa kabla ya miezi saba. Sasa nenda kaitafute. Kama ni kwa mkopo, weka riba na ada ndani ya hesabu hiyo hiyo kabla ya kukubali, na usikope kwa kazi ambayo bado haijaja.

Mwalimu alitumia kipimo cha mwaka mmoja: isipojilipa ndani ya miezi 12, haijafika wakati. Ilipofika, alimpata fundi aliyekuwa anafunga karakana yake Thika. Alienda na yule fundi wa umeme. Walisoma kibati: volti 240, fezi moja. Waliiwasha, wakapitisha ubao, wakasikiliza mota, wakaangalia kinga ya msumeno kama ipo. Muuzaji akatoa namba yake, jina likatokea, likawa ndilo lililo kwenye kitambulisho na kwenye karatasi ya mauziano. Mwalimu akamwonyesha mke wake simu. Mke ndiye aliyesema, "Sawa, tuma." Pesa yote ilitoka kwenye lile fungu la karakana na akiba yake.

Macho, mapafu, vidole

Miwani ya kinga ni ya bei ndogo kuliko tone la dawa ya jicho. Vaa kila unapokata kwa mota. Usivae glavu wala mikono mirefu iliyolegea karibu na msumeno unaozunguka, maana unakuvuta. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha meno, hata kama umezima swichi.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Mwaka 1995 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ililiweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa inayobana uso, fungua mlango na dirisha, na usifagie ukiwa umewafungia watoto ndani nawe. Na kama unapaka mafuta ya linsidi, vitambaa ulivyotumia usivirundike kwenye ndoo. Vinaweza kujichoma vyenyewe. Vianike nje vikiwa vimetandazwa mpaka vikauke.

Kabla ya kubonyeza tuma

Ukikuta kifaa unachokitaka, iwe ni randa ya 2,000 au mashine ya 45,000, pitia haya:

Je, umekiona kwa macho yako, kikiwaka?
Volti na fezi vinalingana na nyumba yako?
Jina linalotokea kwenye simu ni la unayenunua kwake au duka lake? Kama si lake, usitume, hata kama sababu inasikika vizuri.
Anakuharakisha? Mwambie utarudi kesho. Mwenye mali halisi atakuwepo kesho.
Pesa hii imetoka wapi? Kama ni karo au kodi, kifaa kingoje.
Kuna mtu wa nyumbani anayejua?

Nasi hatutakupigia simu kukuomba namba yako ya siri, hata siku moja. Anayeiomba si sisi.

Tulipokuwa tunaondoka Juja, mtoto wa Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ile meza akipiga msasa kipande cha mukima. Karo ya muhula huu, baba yake alituambia, imelipwa kwa Paybill ya shule tangu wiki ya kwanza. Ilitoka kwenye fungu la kazi. Fungu la karakana halikuguswa.